Sikio la Fahali

Jumatatu, Maskati ya kale, saa moja asubuhi
na jua tayari limeota meno.
"Vua viatu," ananiambia Bi Jamna,
kisha anacheka, mkono mdomoni:
"Vya Baniani usivichukue. Dawa hivyo."

Nikaona haya. Methali ile niliijua
kabla sijamjua Baniani hata mmoja,
kabla sijajua wapo waliozaliwa Wete,
wanaosonya wakikuna nazi,
wanaouza vitambaa Matrahi
kwa Kiarabu cha dukani na Kiswahili cha Pemba.

Ndara za mafundi umeme, buti za mlinzi,
kiatu cha mtoto, mguu mmoja.
Vyangu nikaviweka karibu na vyake:
plastiki nyeusi, tulinunua siku moja, duka moja.
Sakafu ya ua inachoma. Tunakwenda kwa vidole,
wazee kwa vijana, kama kuku.

Kengele anaigonga mara moja.
"Ya kumwamsha?" nauliza.
"Ya hodi. Kwani wewe huingia kwa watu hivi hivi?"

Ndani, jiwe jeusi, laini kama goti la mtoto.
Juu yake chungu cha shaba kinatona,
tone, kimya, tone,
na majani, matatu kila kikonyo,
yaliyokuja kwa ndege yamefungwa gazeti bichi.
Anamwaga maziwa. Ya pakiti.
Mwisho wa kutumika keshokutwa; nimesoma.
"Hajali?"
"Hajali. Ila yasiwe yamechacha."

Tunazunguka. Miguu yangu inajua mzunguko mwingine,
mara saba, Kaaba kushoto, nimemshika mama mkono.
Hapa jiwe liko kulia. Tunafika kwenye mfereji
yanapotokea maziwa na maji
na Bi Jamna anasimama, anageuka.
"Hapa hatuvuki."
Yaliyomwosha mungu hayarukwi.
Basi hakuna anayemaliza duara:
unarudi ulikotoka, juu ya nyayo zako.

Kisha ngoma ya mashine ikaanza kujipiga,
na Mukundrai, kuhani, simu kiunoni,
akawasha sahani.
Harufu ikanipiga pale pale.
Karafuu maiti.
Harufu ya beseni na pamba, ya sanda ya bibi,
ya mlango uliofungwa siku nzima nyumbani Khuweri.
Nikashika ukuta.
Mama yuko Khoula, kitanda cha nane,
siku ya kumi na moja hajatamka.
Sisi humsindikizia mtu kaburini.
Hawa wanaiwasha, wanapitisha viganja juu ya moto,
wanajipaka mwanga machoni.
"Tazama," Bi Jamna ananigusa, "haiachi jivu."
Nikatazama. Kweli, sahani safi.
Sikufarijika.

Mkabala na mlango amelala fahali wa jiwe,
macho kwa bwana wake, sikio limelika kwa midomo.
Unaziba moja, unanong'ona la pili;
yeye hufikisha.
Bi Jamna akainama, goti likalia.
Nikasogea kando, dua ya mtu haidukuliwi.
Lakini masikio yake mazito, hunong'ona kwa sauti,
na haikuwa Kigujarati:

"Zuwena. Zuwena binti Sefu, wa Mtambwe.
Yule aliyenishonea nguo ya harusi kwa mkopo.
Mwambie afumbue macho.
Mwambie deni sijalimaliza."

Nikanyamaza mpaka tukapewa vipande vya nazi
na sukari iliyonata kiganjani.
"Fahali anajua Kiswahili?"
"Kipemba," akasema, akipangusa goti.
"Cha Unguja kinamchanganya."

Nilimshusha dukani kwake, nikashika njia ya Khoula.
Kwenye taa nyekundu za Ruwi nikahisi
mguu wa kushoto unapwaya.
Chake. Naye keshaingia dukani na changu.
Dereva wa nyuma akapiga honi.
Nikakibana kwa vidole, kisinidondoke,
nikaendesha hivyo hivyo hadi hospitali,
nikapanda nacho ngazi.